Utenzi wa Swichi Kuu

Sisimulii ya vita
wala farasi kupita,
ni swichi ya kunisuta:
kila jioni yaruka.

Nyumba yetu Mkomani,
ya mawe ya baharini,
chumvi imo ukutani
nayo haitakauka.

Nyaya alitia baba
mwenyewe, kwa pesa haba;
soketi zikawa saba
na moja ya kubanduka.

Kaaga bila mchoro:
nyaya nyingi, na kasoro,
mita, deni, na kihoro,
mirathi ikagawika.

Mara baada ya sala,
tukitandika chakula,
ta! kiza kila pahala,
na mtoto akacheka.

Napanda juu ya kiti,
nasukuma kwa kijiti,
yashika bila sauti;
nishukapo, yaanguka.

Nguru wangu akaoza.
Pasi, katikati, kiza:
kanzu nusu yapendeza,
nusu haijanyooka.

Shangazi Esha kanena:
“Hasadi, si swichi, mwana,
choma ubani mchana,
chetezo kikizunguka.”

Nikafukiza ubani,
moshi hadi kwa jirani;
swichi haikuamini:
saa moja, ikaruka.

Akaja fundi Somoye,
Amu nzima, ndiye yeye
ashikaye, apimaye.
Bisibisi kaziweka.

“Zima vyote,” akasema,
“chomoa, acha kuhema,
kimoja kije, twapima,
mkosaji tamshika.”

Friji tukaliamuru,
likanguruma, na nuru
ikabaki; liko huru,
shitaka likafutika.

Pasi ikaja na joto,
feni na mikono fito,
na redio ya mtoto,
zote safi, zikatoka.

Taa zote zikang'ara,
swichi haina hasira,
nikahesabu ujira;
Somoye hakuondoka.

“Mwivi hatoki mchana,
tungoje hadi adhana.”
Kahawa tukanywa, tena
kaimati tukaweka.

Walipotoka swalani,
ta! giza, kama zamani.
Somoye, tochi kinywani,
ukuta akaushika.

Kaona waya mweusi,
mkongwe, wa wasiwasi,
hautumikii sisi,
umepenya kwa zidaka,

ukaingia wikio
kama uzi kwa sikio;
nao tukaenda mbio
ng'ambo ya njia kufika.

Mle yumo Bi Arafa,
mumewe alishakufa;
barafu zake za sifa
muyi mzima wazitaka.

Friza jipya, la mtumba,
limejaa nusu nyumba,
lakoroma na kuyumba;
jioni ndipo lawaka.

Nikafungua mdomo
nitaje wizi ulomo;
yeye akanipa somo
kabla neno kunitoka:

“Siku ya arubaini,
mimi na wana gizani,
babako yuko ngazini,
waya kwapani kaweka.

Nilitaka nimlipe,
kanena: ‘Neno litupe;
mwana barafu umpe
Ijumaa 'kizunguka.’”

Ijumaa za utoto!
Ukwaju, meno, na joto;
nilidhani pesa nzito
za baba zinakatika.

Somoye kaona fundo
wikioni, pale kando,
limevimba kama gando,
kwa chumvi linababuka.

“Hili lingechoma watu,”
kasema, “na kila kitu;
swichi iliwalinda tu,
ninyi mkakasirika.”

Kauliza: “Niukate?”
Bi Arafa kimya, mate
kameza, na sisi sote
macho yakainamika.

“Tia waya mpya, mnene,
na breka yake, nyingine,
friza na swichi zipone,
kila moja na mipaka.”

Kazi yake siku mbili,
pesa nusu, deni kali.
Mita yala, haijali,
tokeni zinayeyuka.

Shangazi bado adai
ni ubani; sikatai.
Swichi imekaa hai
tangu Rajabu kutoka.

Leo hodi mlangoni,
ukwaju kwenye sahani;
mwanangu yuko ngazini,
kwa meno anaudaka.